Mkono Uliopita Paziani

Watu wamenitukana kazini mara nyingi, na matusi yao nimeyasahau kabla hata ya kufika nyumbani Tudor. Kinachonitia kichefuchefu hadi leo ni sifa. Nilisifiwa kuwa nina adabu. Niliipokea sifa ile kwa mikono miwili, nikaiamini, na mwanamke mmoja mwema alikaribia kupoteza kazi ya umri wake wote kwa ajili yake.

Mimi ni fundi wa waifai. Nafunga vile visahani vyeupe mnavyoviona kwenye dari za benki, hoteli na hospitali, vyenye kitaa kimoja cha buluu. Mafundi tuna majina yetu ya kuviita, lakini wateja husema sahani, nami nimeshazoea. Sahani hizi si kama kile kisanduku cha nyumbani chenye masikio mawili. Umeme na data huzifikia kwa waya mmoja. Hufanya kazi pamoja chini ya mtambo mmoja unaoziongoza, hata mtu akitembea huku anazungumza na simu, sahani hii humkabidhi kwa ile, naye asijue kwamba amekabidhiwa. Na mtambo huo huandika kila kitu: simu gani imeingia, imetoka saa ngapi, imejaribu mara ngapi ikashindwa. Mteja hausomi. Fundi ndiye anayeusoma, akitaka.

Nyumba ninayoizungumzia iko Mji wa Kale, Mombasa. Ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zina unene wa dhiraa nzima. Zamani ilikuwa ya ukoo mmoja, siku hizi ni hospitali ndogo ya uzazi. Mwenyewe ni Mhindi Mwislamu ambaye jamaa zake wanauza vitambaa mjini, mtu wa maneno machache anayependa vitu vyake vikae sawasawa. Alitaka kuondoa kengele za zamani na kuwapa wakunga simu ndogo za waifai za kuning'iniza shingoni. Mkunga akiwa juu wodini abonyeze kitufe kimoja, simu ya daktari ilie chini. Daktari alikuwa na chumba chake chini, nyuma ya mlango wa kioo, na mashine ya baridi ikinguruma mchana kutwa.

Kabla ya kugonga msumari mmoja, fundi hupima. Unawasha sahani ya majaribio, unaingia kila chumba, unasimama kila pembe na kipimo mkononi, unaandika namba. Kwenye ofisi mpya zilizogawanywa kwa mbao nyepesi unaweza kukisia na usiumbuke. Mji wa Kale huwezi. Ukuta wa matumbawe hula mawimbi kama mchwa alavyo karatasi, na kila chumba kina siri yake: hapa kabati la chuma, pale tangi la maji. Asiyeingia hajui. Haya niliyajua vizuri; nimewafundisha wengine kwa kiburi kikubwa.

Siku ya kupima nilianzia darini. Dari ile ya boriti ilikuwa na popo, na popo walikuwa wameishi humo muda mrefu kuliko binadamu yeyote wa nyumba hiyo. Nilitoka na mavi yao kwenye nywele, kwenye kola, na mengine nadhani niliyameza. Jua la saa sita lilikuwa limesimama. Tajiri wangu, aliyeniajiri, alikuwa amenipigia simu mara tatu kutoka dukani kwake Mwembe Tayari kuniuliza kama nimemaliza. Basi nikafika kwenye wodi ya juu, ambako kina mama hulala baada ya kujifungua. Hapakuwa na mlango uliofungwa, pazia tu, zito, la kijani.

Mkunga mkuu alitoka kunipokea. Alikuwa mama wa makamo ya juu, mwenye sauti ya chini, ambaye nusu ya watoto wa mitaa ile walipita mikononi mwake kabla ya kupita mikononi mwa mama zao. Tuliamkiana kama inavyopasa, akaniuliza hali za nyumbani, hali za wazee, hali za kazi, kisha akaniambia kwamba amewaandaa wagonjwa wake, kila mmoja amejifunika leso yake, na nina nusu saa.

"Wamesitiriwa wote, mwanangu," akasema. "Ingia upime. Mficha uchi hazai."

Nami nikainamisha kichwa. Nikasema hapana haja, mama, tuache stara ya watu. Nikasimama nje, nikapenyeza mkono wangu ndani ya pazia, kipimo kikiwa kwenye kiganja, hadi bega likagusa kitambaa. Nikahesabu moyoni, nikautoa, nikaangalia namba. Ilikuwa namba nzuri sana. Mkunga alinitazama kidogo, akashusha pazia.

Nimelelewa hivyo, hilo si uongo. Kwetu mwanamume hajipeleki chumba chenye mwanamke aliye katika arobaini yake, hata akiwa dada yake, mpaka aitwe. Lakini niliitwa. Tena niliitwa na aliyekuwa na haki ya kuniita. Ukweli wa siku ile ni kwamba nilikuwa nanuka mavi ya popo, nina njaa, na haya ilinijia kwa wakati uliofaa tumbo langu.

Nilikwenda hotelini Mwembe Tayari nikaagiza pilau. Fomu ya vipimo ilinitaka nijaze namba za pembe nne za wodi. Nikaijaza mezani, pembeni mwa bakuli la kachumbari. Pembe ya kwanza niliipa namba niliyoipata mlangoni. Ya pili nikaipunguza kidogo ili ionekane kweli. Ya tatu nikaipandisha. Ya nne nikaiacha katikati, maana namba zikiwa nzuri mno mtu hushtuka. Nikatia sahihi chini kwa mkono wenye mafuta, na doa la mafuta likabaki kwenye karatasi ile, nimeliona tangu hapo zaidi ya nilivyotaka.

Tajiri alifurahi. Alikuwa mla tambuu, na alikuwa na chupa ya maji ya plastiki ambayo alitemea mate mekundu siku nzima na kuiacha mezani pale tulipoandikia. Mpango wa kwanza ulikuwa na sahani mbili kwa orofa ya juu, moja ukumbini na moja wodini. Kwa namba zangu, ya ukumbini ilitosha. Ile ya pili ikarudi kwenye rafu ya duka. Akaniamuru niiongeze nguvu ile moja mpaka mwisho, na huo nao ni ujinga ambao fundi hapaswi kuukubali. Sahani yenye nguvu nyingi ni kama mwadhini mwenye kipaza sauti: wewe unamsikia ukiwa mbali, yeye hakusikii ukimwitikia. Simu inaonyesha mistari imejaa, na haiwezi kusema kitu. Nilijua. Nikaongeza.

Siku ya kukabidhi kazi mwenye hospitali alipita akakagua. Alisikia kutoka kwa wauguzi wadogo kwamba fundi alikataa kuingia wodini. Akaniambia mbele ya tajiri kwamba mafundi wengine huingia na viatu vyao na macho yao, lakini mimi nina adabu ya watu wa zamani. Nikatabasamu. Nikikumbuka lile tabasamu, nataka kujipiga kofi.

Kila mwezi nilikwenda kuangalia mitambo. Nilipanda hadi ukumbini, nikasimama nje ya lile pazia, nikauliza kwa sauti ya heshima, mtandao waendaje humo. Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani, "Alhamdulillah." Kila mara ni hiyo hiyo. Mtu wa Mombasa anaweza kuwa na homa, paa linavuja na mtoto ametoroka nyumbani, ukimwamkia atasema alhamdulillah, kwa sababu ndilo jibu la salamu. Habari yenyewe huja baadaye, ukikaa, ukiletewa kahawa. Nami nilizaliwa humu, nilijua hivyo. Sikukaa. Niliandika kwenye kitabu kwamba wateja wameridhika, nikashuka ngazi. Mara nyingine nilimkuta muuguzi amesimama kando ya pazia kwa ndani, kivuli chake kinaonekana, anazungumza na simu. Nikajiambia wanapenda pale kwa sababu ya upepo wa ukumbini.

Basi siku moja adhuhuri, wageni hawajaruhusiwa kupanda, mama mmoja aliyekuwa amejifungua asubuhi akaanza kutokwa na damu nyingi. Mkunga mkuu alikuwa peke yake naye wodini. Msaidizi wake alikuwa ameshuka kuchukua dawa. Kitanda cha mama yule kilikuwa pembe ya ndani kabisa, ile niliyoiacha katikati. Mkunga alilibana tumbo la mgonjwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akabonyeza kitufe cha simu. Mistari imejaa, simu haiendi. Akabonyeza tena. Akaita kwa mdomo, na chini mashine ya baridi ikanguruma. Hakuweza kumwachilia mgonjwa hata hatua tatu. Daktari alifika baada ya msaidizi kurudi, kuona, na kukimbia kumwita kwa miguu.

Mama yule alipona, baada ya kuongezewa damu nyingi na kuhamishwa hospitali kubwa. Ndugu zake walikuja juu, na haki yao. Walitaka kujua kwa nini daktari aliyekuwa chini ya ngazi alichelewa. Daktari akatoa simu yake: hakuna aliyempigia. Simu zile ndogo haziweki kumbukumbu ya mlio ambao haukutoka, kwa hivyo hata ya mkunga ilikuwa nyeupe. Ikawa neno lake dhidi ya kioo cha simu. Akaambiwa akae nyumbani mpaka kikao cha wiki ile. Ikionekana alizembea, angefukuzwa, na barua ingepelekwa kwa wanaotoa leseni za ukunga, na hapo angekuwa amemaliza.

Tajiri alipata habari kabla yangu. Alinifungia mlango wa duka, akatema chupani, akaniambia niingie kwenye mtambo wa ile hospitali niurudishe kama ulivyotoka kiwandani, kwa kisingizio cha matengenezo. Hakuna atakayeuliza. Kumbukumbu zitafutika na mambo yatapoa.

"Funika kombe mwanaharamu apite," akasema, na uzi mwembamba mwekundu ukamtoka pembeni mwa mdomo.

Nilifungua kompyuta kwa nia ya kufanya alivyosema. Sitajipamba hapa. Kwanza nikatazama siku yenyewe, saa yenyewe. Simu ya mkunga mkuu ilikuwa imeandikwa mistari kumi na mmoja, mmoja chini ya mwingine: imejaribu, imeshindwa, imejaribu, imeshindwa. Kati ya mstari wa nane na wa tisa palikuwa na nafasi kidogo, nadhani ndipo alipokuwa akiita kwa mdomo. Nilikaa na ule ukurasa mbele yangu, chupa ya mate kando yangu, na kidole juu ya kitufe cha kufuta. Sikubonyeza. Sikuuhifadhi pia. Nilifunga kompyuta nikaenda nyumbani, nikala.

Kesho yake asubuhi mkunga alinipigia. Namba yangu aliipata kwenye kile kibandiko tunachobandika ukutani. Tuliamkiana. Akaniuliza hali za nyumbani, hali za wazee. Nikajibu alhamdulillah kwa kila moja, na nilivyojibu nikajisikia nachukia sauti yangu. Kisha akauliza swali moja.

"Hiyo mitambo yenu yaweka kumbukumbu kuwa nalipiga? Nalipiga, mwanangu, hata kidole kikaniuma."

Nikamwambia nitaangalia. Nilikuwa nimeshaangalia! Mwanamke wa umri wa mama yangu ananiuliza kitu ambacho nimekiona kwa macho yangu, nami namjibu kama karani wa dirishani. Akanishukuru. Halafu akasema kwamba kama jambo hilo litanitia matatani na mwenye duka, niliache, Mungu atamsimamia.

Hilo ndilo lililonishinda. Angenilaumu ningejitetea, nina maneno mengi ya kujitetea. Lakini aliyetendewa ubaya alikuwa akinisitiri mimi, na hii stara ndiyo ile ile niliyoitumia kumdanganyia. Nilitoka nje nikatema mate barabarani, kitu nisichokifanya, na nikaona nafanana na tajiri.

Siku ya kikao nilikwenda bila kuitwa. Tulikuwa watano katika ofisi ya mwenye hospitali: yeye mwenyewe, daktari, mkunga, mimi, na tajiri wangu aliyekuwa amekuja kusema mitambo yote ilikuwa mizima. Alisema hivyo, na akatoa fomu yangu ya vipimo kama ushahidi. Doa la mafuta lilikuwapo. Mkunga alikuwa amevaa buibui jeusi safi, mikono imekunjwa mapajani, na hakuwa amenitazama.

Nikaweka mezani karatasi niliyoichapisha kutoka kwenye mtambo, yenye ile mistari kumi na mmoja. Nikaeleza kila mstari maana yake. Mwenye hospitali akausoma mmoja mmoja kwa kidole, akarudia juu akausoma tena. Kisha akainua fomu, akauliza jambo ambalo lingeulizwa na mtu yeyote mwenye akili: kama wodi ilipimwa na namba zilikuwa nzuri hivi, simu ilishindwaje?

Tajiri alifungua mdomo. Nikamtangulia.

"Wodi haikupimwa," nikasema. "Mkono wangu tu ndio ulioingia. Hizi namba niliziandika hotelini."

Daktari alitazama viatu vyake. Alijua kwamba mlango wake wa kioo nao ulikuwa na sehemu yake. Mwenye hospitali aliiweka fomu chini taratibu, akafuta vidole kwenye leso yake ya mfukoni, kana kwamba yale mafuta bado yalikuwa mabichi. Mkunga ndipo aliponigeukia, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Nalikwambia uingie," akasema.

Alisema hivyo tu, bila kupandisha sauti. Nimewahi kupigwa mkong'oto na vijana wa Makupa kwa kosa lisilo langu, na nakwambia ule ulikuwa mwepesi.

Alirudishwa kazini siku hiyo hiyo, na mwenye hospitali aliwaandikia ndugu wa mgonjwa barua ya kuwaomba radhi, iliyosema kosa lilikuwa la mitambo na mafundi. Akaamuru sahani ya pili ifungwe wodini, na akashikilia kwamba nitakayeifunga ni mimi, niliyeidanganya wodi yake, si mwingine. Tajiri akaitoa sahani kwenye rafu kama mtu anayetoa jino, na akaniambia nikimaliza nisirudi dukani. Sikurudi. Siku hizi najitegemea, na kazi zangu ni chache.

Nilipanda ngazi zile na begi langu begani. Mkunga mkuu mwenyewe alilishika pazia, akalivuta upande, akangoja. Nikavua viatu nikaingia.

Wodi ilikuwa ndefu kuliko nilivyoikisia nikila pilau. Vitanda sita. Kati ya pazia na pembe ya ndani palikuwa na safu ya makabati ya chuma yaliyojaa shuka, marefu hadi juu, ambayo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angejua kwamba hakuna wimbi litakaloyapita. Kina mama walikuwa wamejifunika leso zao, wawili wakinyonyesha chini ya leso, na hakuna hata mmoja aliyenishangaa. Mmoja aliniitikia salamu na kuendelea kula uji wake. Dakika kumi na tano zilinitosha kupima pembe zote nne. Ile ya ndani kabisa haikuwa na kitu, kipimo kilikaa kimya kama jiwe.

Nilipokuwa nikirudi kuchukua ngazi yangu ya kupandia, niliona sakafuni, hatua moja tu kutoka paziani, msalaba wa plasta nyeupe ya kufungia vidonda. Kingo zake zilikuwa zimechakaa kwa kukanyagwa, na juu ya plasta kuukuu ilibandikwa mpya, na juu yake nyingine. Nikamuuliza yule muuguzi msaidizi ni ya nini.

"Hapo ndipo simu hushika," akasema. "Kila anayetaka kumpigia daktari huja akasimama hapo. Twalidhani ndivyo mulivyoifunga."

Nikamuuliza mbona hawakuniambia, miezi yote ile niliyokuwa nikija kuuliza. Aliangalia chini, akaona haya kwa niaba yangu.

"Ulikuwa ukituuliza ukiwa nje, kaka. Tungekupigia kelele?"

Mkunga mkuu bado alikuwa amelishika pazia. Nilikwenda nikasimama juu ya ile plasta, miguu yangu pale walipokuwa wakisimama wao. Alipoona ninachotaka kufanya aliliachia pazia likaanguka mahali pake. Nikanyoosha mkono kuelekea mlangoni, mkono ule ule wa siku ya kupima, na vidole vyangu vikagusa kitambaa: umbali ule ule kipimo changu kilikoishia.